Dakika Kumi za Mombo

Basi la Arusha likiingia Mombo, konda hupaza sauti: "Dakika kumi, abiria!" Unashuka, unanunua andazi, unarudi kitini. Andazi hilo limeumuliwa kwa hamira, na hamira ni fangasi. Ana ndugu wa mbali, kriptokokasi, anayeishi kwenye udongo, vinyesi vya njiwa na magome ya miti. Wengi wetu tumeshamvuta puani bila kujua wala kuugua. Lakini kinga ikishuka sana, hasa kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha, fangasi huyu hufika ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Huanza na kichwa kuuma tu. Mgonjwa hupitia duka la dawa, humeza panadol, wiki ya pili hupewa ya malaria. Akifika hospitali shingo imeshakakamaa. Hapo huchomwa sindano mgongoni, yakatolewa maji ya uti, na maabara ikachanganya tone lake na wino mweusi. Ukichungulia kwenye hadubini ni giza tupu, halafu unaona viduara vinang'aa, kila kimoja na pete nene ya mwanga. Pete hiyo ni koti la ute ambalo wino haulipenyi.

Kwa miaka mingi dawa iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa flukonazoli, vidonge tu, mara nyingi peke yake. Utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa Dar es Salaam, wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wakiwemo, ulionyesha mwaka 2019 kwamba fangasi walio ndani ya mtu mmoja hawafanani. Wengi huzidiwa na dawa, wachache huihimili. Hao wachache wana nakala mbili za kromosomu ya kwanza badala ya moja, na humo ndimo zilimo jeni ya kimeng'enya kinachoshambuliwa na flukonazoli na jeni ya pampu inayoitema dawa nje. Wanyonge wakifa, shamba lote linabaki la wenye pampu.

Nilizoea kuuona usugu kama balaa la wodi za mijini, mfano wa fangasi mwingine, kandida auris, aliyekutwa kwenye damu ya wagonjwa wa hospitali moja ya Nairobi kati ya 2010 na 2016. Kumbe unaweza kukomaa ndani ya mwili mmoja, kwa wiki mbili za dozi.

Katika utafiti uleule wa Dar es Salaam, ilipoongezwa dawa ya pili, flusitosini, wale sugu walikaribia kutoweka. Dawa yenyewe ni kongwe: ilibuniwa 1957 kutibu saratani, ikashindwa. Jaribio la ACTA la 2018, lenye wagonjwa 721 wa Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania, liliithibitisha kuwa mwenzi bora.

Kipo pia kijiti cha kupimia, kama kile cha malaria. Hakihitaji umeme, na kinaweza kumnasa fangasi damuni wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mistari miwili, yumo. Majibu hutoka kwa dakika kumi. Konda bado anaita abiria.