Kidonda cha Jicho: Kipimo Kabla ya Dawa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi jani la mahindi linavyochubua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na kupanda fangasi humo. Mgonjwa sasa amefika hospitali. Majibu ya maabara mara nyingi huharibika hapa, mbele ya daktari, kabla hata hadubini haijawashwa.

Sampuli yenyewe ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Hakuna cha kujaza kichupa wala cha kusubiri mhudumu aje kukichukua jioni. Daktari hutia matone ya ganzi, ikiwezekana yasiyo na kihifadhi, kwa kuwa kihifadhi huua vijidudu tunavyovitafuta. Hufuta usaha wa juu, kisha kwa sindano ya namba 21 hukwangua kingo na kitako cha kidonda. Kijiti cha pamba hakifai sana hapa: huokota machozi na usaha, ilhali fangasi wamejichimbia ndani ya konea.

Mkwanguo wa kwanza hupakwa kwenye slaidi. Moja hutiwa rangi za Gram kuonyesha bakteria. Nyingine hudondoshewa potasiamu haidroksaidi, inayoyeyusha seli za jicho na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana wazi. Jibu hupatikana siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hospitali ya wilaya yenye hadubini nzuri na mtaalamu aliyefunzwa haina sababu ya kuanza matibabu kwa kubahatisha.

Mkwanguo unaofuata hupandwa papo hapo kwenye sahani za agari, kwa mchoro wa herufi C. Kitakachoota ndani ya mchoro kimetoka jichoni. Kitakachoota nje kimetoka hewani au mikononi mwetu. Hila hii haigharimu hata senti. Agari ya damu hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na bakteria wengi huonekana ndani ya siku mbili. Agari ya Sabouraud, ya fangasi, hutaka nyuzi 25 hadi 30 na subira ya wiki mbili au zaidi. Anayeitupa siku ya tatu ameandika jibu la uongo. Wala sahani zilizopandwa zisiwekwe kwenye friji.

Fomu iandikwe jicho la kulia au la kushoto, na dawa zote zilizokwisha kutumika. Mgonjwa asione haya kutaja matone ya duka la dawa wala majani ya mganga. Antibayotiki iliyotangulia yaweza kuzuia bakteria wasiote kwenye sahani, na matone ya steroidi hupunguza wekundu huku fangasi wakistawi.

Maambukizi yakiwa ndani ya mboni yenyewe, kukwangua hakusaidii. Hufyonzwa mililita 0.1 hadi 0.2 za ute wa ndani kwa sindano, na antibayotiki huingizwa wakati huohuo, bila kusubiri maabara. Wiki ijayo tutaanzia hapo.