Cheo cha Baba Kilichomwangukia Binti

Ada ya Waingereza tangu kale ni kwamba vyeo vingi vya ulodi hurithiwa na mwana wa kiume aliye mkubwa. Mdogo hungoja, binti hahesabiwi, na pasipokuwapo mrithi wa kiume, cheo hufa.

Ada hiyo ilimgusa Louis Mountbatten mara mbili. Alizaliwa mwaka 1900, akiwa kitukuu cha Malkia Victoria. Baba yake aliyaacha majina ya Kijerumani mwaka 1917, akafanywa Marquess wa Milford Haven. Alipofariki mwaka 1921, cheo kilimwendea George, kaka yake Louis. Louis alibaki na kazi yake ya baharia, ajitafutie jina mwenyewe.

Jina alilipata vitani. Kuanzia mwaka 1943 alikuwa Amiri Mkuu wa majeshi ya Washirika katika Asia ya Kusini Mashariki. Chini ya amri yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, wana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, ambao mwaka 1944 walipenya matope na homa za bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani. Mwaka 1946 alipewa ulodi, na mwaka 1947 akapandishwa kuwa Earl Mountbatten wa Burma. Nchi iliyonywa jasho la askari wetu imo katika jina hilo.

Lakini alikuwa na mabinti wawili tu, Patricia na Pamela. Kwa hiyo hati ya cheo ilitiwa sharti la pekee: akikosa mwana wa kiume, binti mkubwa arithi, kisha wana wa kiume wa binti huyo.

Tarehe 27 Agosti 1979 bomu la IRA liliivunja mashua yake huko Mullaghmore, Ireland. Mzee akafa, pamoja na mjukuu wake Nicholas, mwenye miaka 14, na kijana aliyewasaidia mashuani. Mkwewe Patricia alifariki kesho yake. Patricia mwenyewe alijeruhiwa vibaya. Hivyo alipokea cheo cha baba akiwa kitandani hospitalini, huku akimlilia mwanawe.

Alikishika kwa miaka 37, akaketi katika Baraza la Malodi hadi sheria ya mwaka 1999 ilipowaondoa wengi wa warithi. Alipofariki mwaka 2017, mwanawe Norton akawa Earl wa tatu.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mpiganaji yule aliiandika hati mapema, na msiba ulipokuja ghafla, haki ya binti haikuhitaji shahidi.