Kompyuta kuukuu, ganda jipya: hesabu iliyowashinda Commodore na Amstrad

Pauni 99.99. Mwaka 1990 bei hiyo ilibandikwa kwenye mashine mbili za gemu zilizoingia madukani Ulaya: Commodore 64 Games System na Amstrad GX4000. Zote mbili zilitokana na kompyuta za nyumbani zilizokwisha kuzeeka. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, Amstrad CPC mwaka 1984. Kampuni zilinyofoa kibodi, zikaacha njia ya kanda za kaseti, zikategemea katriji pekee na kuipa mashine ganda jipya. Waswahili husema kipya kinyemi. Wanunuzi hawakukubali, na sababu inaonekana mtu akishika kalamu na kupiga hesabu.

Upande wa kiwanda, wazo lilikuwa na mantiki. Commodore 64 ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa dola 595, na gharama ya kuitengeneza imekadiriwa kuwa dola 135 hivi. Commodore ilikuwa imeinunua kampuni ya chipu ya MOS Technology mwaka 1976, kwa hiyo chipu muhimu ilijitengenezea yenyewe. Kufikia 1990 gharama za usanifu zilikwisha kurudi zamani. Kila mashine ya ziada iliyotoka kwenye mtambo uleule ilionekana kama faida ya bure.

Lakini Games System haikuongeza chochote ndani. Ubao ulikuwa wa Commodore 64, kichakataji kilekile chenye kasi ya megahezi 1 hivi, kumbukumbu ileile ya kilobaiti 64. Amstrad walijitahidi zaidi: waliongeza uwezo wa kusogeza picha kwenye skrini, na rangi za kuchagua zikapanda kutoka 27 za CPC hadi 4,096. Hata hivyo moyo wa mashine ulibaki kichakataji cha Z80 cha biti 8, na mwaka huohuo Sega Mega Drive ya biti 16 ilikuwa ikiingia Uingereza kwa pauni 189.99.

Hesabu ya mnunuzi

Mzazi anayesimama dukani huona bei ya mashine kwanza. Ila mashine hununuliwa mara moja. Gemu hununuliwa miaka yote. Mchezo mpya wa kaseti uliuzwa kwa pauni 10 hivi, na ule wa bei nafuu kwa pauni 2 au 3. Katriji ilifika pauni 20 hadi 25.

Tuchukulie kwamba kukosa kibodi na kinasa kanda kunamwokolea mzazi pauni 50. Kila katriji ya pauni 20 inamgharimu pauni 10 zaidi ya kaseti mpya, kwa hiyo akiba yote inakwisha kwenye mchezo wa tano. Katriji ikiwa ya pauni 25, tofauti ni pauni 15, na kwenye mchezo wa nne tayari amepata hasara ya pauni 10. Ukilinganisha na kaseti ya pauni 3, tofauti ni pauni 22: michezo mitatu tu inatosha kuifuta akiba. Baada ya hapo mwenye mashine "rahisi" ndiye anayelipa zaidi kila anapoingia dukani, na mtoto wake hana kibodi ya kujifunzia kuandika programu.

Katriji ilikuwa na ubora wake wa kweli. Njia ya kawaida ya kusoma kanda kwenye Commodore 64 ilikwenda kwa takriban biti 300 kwa sekunde, na mchezo ungeweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kuanza. Katriji iliwaka papo hapo, na kuinakili nyumbani haikuwa rahisi kama kunakili kaseti. Lakini mtoto mwenye pauni 20 alikuwa na uchaguzi: mchezo mmoja unaowaka haraka, au michezo sita ya pauni 3 na kusubiri kidogo. Wengi walivumilia kusubiri.

Hesabu ya mchapishaji

Kaseti ni utepe wa bei ndogo unaonakiliwa kwa makundi madogo, na zikiisha zinanakiliwa nyingine. Katriji ina chipu ndani, na hulipiwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Kwa mfano, chukua gharama ya pauni 7 kwa katriji na peni 50 kwa kaseti. Nakala 10,000 za katriji zinafunga pauni 70,000. Za kaseti, pauni 5,000.

Sasa weka idadi ya wateja. Mauzo ya GX4000 hukadiriwa kuwa 15,000. Hata mmoja kati ya kila watano akinunua mchezo wako, umeuza nakala 3,000, na 7,000 zimekaa ghalani zikiwa zimekula pauni 49,000. Commodore 64 ya kibodi, kwa makadirio, iliuza kati ya milioni 12.5 na 17 duniani. Katika kila wamiliki milioni moja, mmoja tu kati ya mia akinunua, umeuza nakala 10,000. Mchapishaji mwenye akili timamu angeandika kaseti.

Hata waliojaribu hawakuufikiria ipasavyo mtambo usio na kibodi. Katriji ya Terminator 2 ilimtaka mchezaji abonyeze kitufe cha kibodi ili mchezo uanze. Kwenye Games System kitufe hicho hakikuwapo.

Kilichotupwa

Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Thamani ya Commodore 64 mwaka 1990 haikuwa tena kwenye chipu zake. Ilikuwa kwenye maelfu ya gemu zilizokwisha andikwa, kaseti za bei ndogo na mamilioni ya watu waliozizoea. Kampuni iliokoa gharama ya vitufe na matundu machache, na kwa kuyaziba ikajifungia nje ya hazina yake.

Mtu anayegeuza kompyuta ya zamani kuwa mashine ya gemu leo anaweza kuepuka kosa hilo. Programu ya bure kama Batocera huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na matundu yote yanabaki wazi. Basi apige hesabu nzima: bei ya padi, bei ya gemu anazotaka kuzimiliki kihalali, na umeme. Kompyuta inayokula wati 60 kwa saa 2 kila siku humaliza yuniti 43.8 kwa mwaka. Azidishe kwa bei ya yuniti anayolipa. Akiona jumla inazidi faida, aiache kompyuta iendelee kuwa kompyuta. Akiona inalipa, aigeuze, ila kibodi asiitupe.