Rangi ya Matatu: Je, Ni Mapambo Tu au Ni Mali?

Mtu asimamaye asubuhi kando ya barabara ya Outer Ring, karibu na mtaa wa Fedha, hawezi kukosa kuona tofauti ya magari yapitayo. Moja huja na rangi iliyopauka kwa jua, ubavu wake una makovu, na mlango wake hulia kila ufunguliwapo. Jingine huja liking'aa kama kioo, limechorwa sura za waimbaji na wachezaji wa mpira toka mbele hata nyuma, na muziki wake husikika kabla halijaonekana. Yote mawili yaenda mjini. Lakini vijana wengi wataliacha lile la kwanza lipite wangoje la pili, ingawa pengine watachelewa. Gari la namna hiyo ya pili, vijana wa Nairobi huliita "nganya".

Hapo ndipo lilipo swali kwa mtu aliyeweka akiba yake miaka mingi, au aliyekopa katika Sako, ili apate gari la abiria. Je, yampasa kutumia fedha nyingi kwa rangi ya daraja la kwanza, au yatosha gari liwe zima na lenda vizuri? Swali hili si la mzaha. Fedha ya mkopo hurudishwa pamoja na faida yake, na gari lisipoleta mapato, shamba lililowekwa rehani huweza kupotea. Tena liko jambo kubwa kuliko shamba, nalo ni maisha ya watu wakaao ndani ya gari hilo.

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana katika jambo hili. Moja yasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nyingine yasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mwenye gari hana budi kuzipima zote mbili.

SWALI LA KALE

Watu wa Fedha si wa kwanza kuuliza hivyo. Kampuni ya Ford ya Marekani ilitengeneza magari ya Model T zaidi ya milioni 15 kati ya mwaka 1908 na 1927, na toka mwaka 1914 hata 1925 yote yalipakwa rangi nyeusi tu. Rangi hiyo ilikuwa rahisi na yenye kudumu, nayo ilitosha kwa gari la mkulima. Rangi nyingine za siku zile zilichukua muda mrefu sana kukauka, na gari lingeweza kukaa kiwandani majuma kadhaa likingoja. Ni baada ya kampuni ya DuPont kuleta rangi mpya ya kupulizia iitwayo Duco, katika mwaka 1923 na 1924, ndipo magari ya rangi nyingi yalipoweza kukaushwa kwa muda wa saa tu. Toka hapo rangi ikawa njia ya kumvuta mnunuzi.

Kisha, vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi wa California walichukua magari makuukuu ya Ford, wakayavua mabawa na mabampa ili yawe mepesi, wakayatia injini zenye nguvu, wakashindana mbio. Magari hayo yalijulikana kwa jina la "hot rod". Mengi yao hayakuwa na rangi njema hata kidogo. Yalipakwa praima tu, yaani rangi ile ya chini, kwa sababu fedha yote ilikwisha kwenye injini. Lakini katika mwaka 1950 yalianzishwa maonyesho ya magari hayo mjini Oakland, na mashindano ya uzuri yakashika nguvu. Hapo magari yakagawanyika makundi mawili: gari la kukimbia, na gari la kutazamwa. Lile la kwanza halikuhitaji rangi ya thamani. La pili lisingekuwa kitu pasipo rangi hiyo.

Mambo yayo hayo yameonekana hapa kwetu. Mwaka 1965 Bwana Joginder Singh wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, alishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa katika mashindano ya kabla yake. Matope na mawe ya Safari hayakuuliza rangi yake. Yaliuliza injini, springi na moyo wa dereva. Bwana Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Kwa upande wa pili, toka mwaka 1970 kumekuwako maonyesho ya Concours d'Elegance mjini Nairobi, ambako magari hushindania usafi na utunzaji. Lakini hata huko waamuzi hawaridhiki na rangi ya nje peke yake. Hutazama injini, hutazama ndani, na hata huinama wakatazama chini ya gari.

MATATU NI LA KUNDI GANI?

Matatu ni gari la kazi na gari la kutazamwa kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hukumu yake ni ngumu. Jina lenyewe latokana na mapeni matatu ya senti kumi kumi, yaliyokuwa nauli ya hapo kale. Magari hayo yalifanya kazi bila ruhusa miaka mingi, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba yaruhusiwe kuchukua abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo. Yalipoongezeka, mashindano ya kugombea abiria yakaongezeka pia, na rangi ikawa silaha mojawapo.

Serikali nayo ilikuwa na neno. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na Waziri John Michuki, zikaanza kushika nguvu mwezi wa Februari 2004, zilitaka mikanda ya usalama, kizuizi cha mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Michoro ikapungua sana, na wachoraji wengi wakakosa kazi. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana hao, akisema kuwa kazi yao ya uchoraji iachwe iendelee. Mwezi wa Novemba 2018 Waziri Fred Matiang'i akarudisha tena nguvu za kanuni za Michuki. Hata hivyo picha hazikutoweka barabarani. Mwenye gari na akumbuke basi kwamba mchoro wa gharama kubwa waweza kuamriwa kufutwa, lakini breki njema hazijapata kukatazwa na serikali yo yote.

RANGI NJEMA HUTENGENEZWAJE

Watu wengi hudhani kwamba rangi njema ni ile itokayo katika kopo la bei kubwa. Sivyo. Rangi yote ya gari litokalo kiwandani, tangu chuma hata juu, unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Kitu chembamba namna hiyo hakiwezi kuficha kasoro ya chini yake kwa muda mrefu. Kazi kubwa ya fundi iko kabla ya rangi kupulizwa.

Kwanza gari huoshwa likatoka mafuta yote. Kutu huondolewa mpaka chuma safi kionekane, na palipooza hukatwa pakachomelewa bati jipya. Mabonde madogo hujazwa puti, nayo husuguliwa kwa msasa mkali, kama wa namba 80, na baadaye kwa ulio laini zaidi. Ndipo hupulizwa praima, ambayo hulinda chuma na kuishika rangi. Praima nayo husuguliwa kwa msasa wa namba 400 au 600. Baada yake huja rangi yenyewe, na juu ya rangi hupulizwa vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo iletayo mng'ao na kuzuia jua. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, tena juu sana, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Jua lake ni kali kwa rangi, na gari lililonyimwa vanishi njema hupauka upesi.

Fundi mwenye haraka huruka hatua mbili tatu. Hupuliza rangi juu ya kutu, nayo kutu haifi kwa kufunikwa. Huendelea kula chuma kimya kimya kama mchwa ndani ya nguzo. Katika sehemu za Embakasi ambako udongo ni mweusi wenye kunata, matope hushika chini ya gari na kukaa na unyevu siku nyingi. Huko ndiko kutu ianzako, wala hakuna mpita njia aonaye. Kwa hiyo rangi iliyo na thamani ya kweli ni ile ilindayo chuma. Hiyo si mapambo. Ni mali, kwa sababu huongeza miaka ya gari.

Lipo pia neno moja la afya lisilosemwa vya kutosha. Rangi nyingi za siku hizi zichanganywazo na dawa ya kukaushia zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumtia fundi ugonjwa wa pumu usiopona. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Fundi apulizaye rangi hiyo yampasa avae kinyago chenye kuletewa hewa safi kwa mpira, na watoto na wapita njia wakae mbali. Rangi rahisi inayomgharimu fundi mapafu yake si rahisi.

HESABU YA MWENYE GARI

Mara nyingi mwenye gari huhesabu bei ya rangi, akasahau siku ambazo gari halitafanya kazi. Na uchukuliwe mfano tu. Ikiwa gari humletea tajiri wake shilingi 5,000 kwa siku, na likakaa kwa fundi siku 14, amekwisha kupoteza shilingi 70,000 kabla hajalipa hata senti moja ya rangi. Ikiwa rangi hiyo itamwongezea shilingi 500 kwa siku, itachukua siku 140 za kazi kurudisha zile siku zilizopotea tu. Baada ya hapo ndipo ataanza kurudisha gharama ya rangi yenyewe. Huenda ikamlipa, huenda isimlipe. Lakini afadhali ajue kwa kalamu na karatasi kuliko kujua kwa barua ya mdai.

Tena na akumbuke kwamba rangi ya gari imeandikwa katika kitabu chake cha usajili. Mtu abadilishaye rangi bila kuwapasha habari wenye mamlaka hujitafutia taabu bure barabarani.

Kuna hesabu nyingine isiyo ya shilingi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, breki zikikanyagwa, huhitaji mwendo mara nne ya ule lihitajio likienda kilomita 40, mpaka lisimame. Gari lenye abiria 33, muziki mkubwa na tairi zilizokwisha meno, halitasimama mapema kwa sababu ubavu wake una picha nzuri.

AFANYEJE MNUNUZI?

Anunuaye gari lililokwisha tumika na aogope rangi mpya kuliko rangi kuukuu. Rangi kuukuu husema kweli. Rangi mpya yaweza kuwa imefunika mengi. Achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa isikwaruze, aipitishe polepole juu ya bodi ya chuma. Palipo chuma itashika. Palipo na puti nene itashika kidogo au isishike kabisa. Afunue mikeka atazame sakafu. Apapase kingo za milango kwa ndani. Alale chini atazame chasi, hata kama nguo zitachafuka, kwa maana nguo hufuliwa.

Kisha matumizi ya fedha yafuate utaratibu. Kwanza breki, tairi, usukani na taa. Pili injini na springi. Tatu kutu iondolewe na bodi inyooshwe. Nne rangi safi iliyopigwa na fundi anayejua kazi yake, iwe ya namna moja tu na isiyo na mbwembwe. Picha, taa za mapambo na muziki ni za mwisho, na zinunuliwe kwa faida ya gari, si kwa fedha ya mkopo.

Basi, zile methali mbili hazipingani, bali kila moja ina mahali pake. Kizuri chajiuza kweli, na mwenye kudharau sura ya gari lake atashangaa abiria wakimpita. Lakini abiria aliyevutwa na rangi leo hurudi kesho kwa sababu alifika salama. Kijana wa mtaa wa Fedha atakayeanza na breki na kumaliza na picha ataweza kuwa na vyote viwili. Yule aanzaye na picha, mara nyingi fedha humwishia kabla hajazifikia breki.