RANGI ZA CHAKULA NA MACHO YA MTOTO

Ndugu mpenzi wa Kampemba, tazama sahani yako ya jioni. Bukari ni nyeupe. Ni chakula chema, hushibisha, lakini haina ulinzi wa macho. Mahindi meupe yamekosa ile rangi ya manjano iitwayo karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Thomas Moore wa Cambridge, Uingereza, alilithibitisha jambo hili mwaka 1930.

Mtoto akikosa vitamini A, mchana hucheza na wenzake, lakini giza likiingia hujikwaa, hupapasa akitafuta sahani yake. Wengine husema amerogwa. Sivyo! Mlete hospitalini upesi. Asipotunzwa macho yake hukauka, hupata vidonda, naye aweza kuwa kipofu kabisa. Tena surua ikimshika humshika kwa ukali. Surua ilipoenea katika nchi yetu mwaka 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kinga ya surua ni chanjo. Lakini mtoto aliyelishwa vema ana nguvu zaidi ya kushindana nayo.

Je, Mungu ameiweka wapi karotini? Imo katika mafuta mekundu ya ngazi, papai bivu, karoti, maboga, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Tena imo katika sombe, matembele na lengalenga. Usishangae: manjano imejificha chini ya kijani. Jani likizeeka, kijani huondoka, nawe waiona.

Basi, fanya hivi:

1. Usichome mafuta ya ngazi mpaka yawe meupe. Moto mkali huharibu karotini.

2. Pika mboga za majani pamoja na mafuta kidogo, maana bila mafuta karotini haiingii vema mwilini.

3. Mtoto akitimiza miezi sita, mpe kila siku papai lililopondwa au mboga laini, huku akiendelea kunyonya.

4. Mpeleke kwenye kupimwa watoto, apate chanjo na vitamini A kwa kipimo cha mwuguzi.

Soma Danieli sura ya 1, uone jinsi vijana wale walivyokula mboga wakanawiri.

Mama, usiyakatae mafuta mekundu kwa kuwa yatia doa. Doa la nguo huoshwa kwa sabuni; jicho lililopofuka halioshwi. Bwana akusaidie kuwalinda watoto aliokupa.