Mashua iliyouzwa pauni moja na glasi ya jin

Wadau, kuna mashua moja ya matanga Uingereza inaitwa Gipsy Moth IV. Kwa miaka 36 ilipewa heshima zote, na kumbe heshima yenyewe ndiyo ilikuwa inaiua. Stori yake nimeifuatilia muda, acha niwape.

Tarehe 27 Agosti 1966, Francis Chichester alitweka matanga pale Plymouth, peke yake, kwenda kuzunguka dunia. Mzee wa miaka 64, tena alishawahi kuambiwa na madaktari kwamba ana saratani ya mapafu! Alitia nanga sehemu moja tu, Sydney. Alipoondoka hapo, usiku wa pili mashua ikapinduliwa na wimbi kwenye bahari ya Tasman, ikajiinua yenyewe kwa uzito wa mkuku wake. Tarehe 28 Mei 1967 akarudi Plymouth baada ya siku 226 za kusafiri. Malkia akampa cheo cha Sir kwa upanga uliotumika kwa Francis Drake mwaka 1581. Kichekesho ni kwamba mzee mwenyewe hakuipenda mashua yake. Alilalamika kwamba inalala ubavu hata kwa upepo wa kawaida.

Mwaka 1968 wakaiweka Greenwich, London, kando ya meli Cutty Sark, imesimamishwa kwenye zege. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Watu wengi wanadhani maji ya bahari ndiyo yanaozesha mbao. Si kweli. Chumvi inazuia kuvu wanaokula mbao. Adui hasa ni maji ya mvua. Yanaingia kwenye nyufa za sitaha, yanatuama ndani, hewa haipiti. Ongeza miguu ya watalii wanaopanda na kushuka, mpaka ikabidi watu wazuiwe kupanda.

Tena hii haikuundwa kama jahazi letu la mbao nene, misumari na kalafati, ambalo ubao ukioza fundi anang'oa mmoja na kupachika mwingine. Gipsy Moth imeundwa kwa vipande vyembamba vya mahogani vilivyogundishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikatiza lingine. Inakuwa nyepesi na ngumu sana, lakini maji yakishapenya katikati ya tabaka, nje unaona rangi safi na ndani ni uozo mtupu. Hapo fundi hana njia ya mkato. Anakata sehemu yote iliyooza mpaka akute mbao nzima, halafu anajenga upya tabaka kwa tabaka.

Jarida la Yachting Monthly likapiga kampeni, na chuo cha mabaharia cha UKSA kikainunua kwa pauni moja na glasi ya jin na toniki. Bei ya utani, ila bili ya matengenezo haikuwa utani hata kidogo. Mwishoni mwa 2004 ikabebwa kwa lori hadi Gosport, kwa Camper & Nicholsons, walewale walioiunda. Juni 2005 ikarudi majini, na Septemba ikaanza kuzunguka dunia tena, safari hii ikibeba na vijana waliotoka kwenye maisha magumu.

Aprili 2006 ikapanda mwamba kisiwani Rangiroa, Polinesia ya Ufaransa. Tundu kubwa ubavuni! Waliosema ingebaki Greenwich wakapata la kusema. Mimi siwaungi mkono hata kidogo, maana pale zegeni ilikuwa inakufa vilevile, ila polepole na bila kelele. Ilikaa mwambani karibu wiki nzima, wakaziba tundu kwa mbao, ikavutwa na baadaye kupelekwa Auckland kutengenezwa. Juni ikawa majini tena.

Ikaingia Plymouth tarehe 28 Mei 2007, miaka 40 kamili tangu siku ile ya mzee Chichester. Mwaka 2010 UKSA wakaiuza kwa watu binafsi, na safari hii bei ilikuwa pauni 250,000.