Siku ya sayansi Balambala: hirola kwanza, panda baadaye

Shule zetu zikiandaa siku ya sayansi kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka, ukutani mara nyingi utakuta panda wa China na simbamarara wa India. Mtoto wa Balambala hana haja ya kwenda mbali hivyo. Ateremke na mto Tana, apite Garissa mjini, na huko Fafi na Ijara yuko hirola, swala mwenye alama nyeupe usoni kama miwani.

Miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kupita 10,000. Leo hawafiki 500. Tena hana ndugu: katika jenasi yake amebaki peke yake, kwa hiyo akiisha, ukoo mzima umekwisha.

Hapa ndipo penye swali la sayansi hasa. Sotoka iliwafyeka hirola miaka ya 1980, kama ilivyofyeka ng'ombe. Lakini sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mbona hirola hawajarudi?

Watafiti walilinganisha picha za satelaiti kuanzia 1985 hadi 2012, wakaona miti katika makazi ya hirola imeongezeka zaidi ya mara tatu. Hirola hula nyasi, na vichaka vikisongamana nyasi hufa. Waliokuwa wakiangusha miti ni ndovu, na ndovu waliuawa na majangili. Malisho ya mifugo yakazidi, nyasi zikapungua, vichaka vikapata nafasi. Simba, duma na mbwa mwitu wakazidi kuwapunguza waliosalia.

Dawa moja imeonekana. Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini, kule Ijara, ilizungushia uzio hirola 48 ili wanyama wala nyama wasiwafikie. Baada ya miaka michache walipita 100. Hao ni wafugaji, si maprofesa, jambo ambalo mabango ya shuleni husahau kulitaja.

Basi wanafunzi wa Balambala wanaweza kupima wenyewe: wazungushie miiba kipande kidogo cha ardhi, kingine wakiache wazi, wahesabu nyasi kabla na baada ya mvua. Wamwalike na mzee aliyechunga huko zamani awaonyeshe palipokuwa uwanda na sasa ni kichaka. Wazazi wao watasikiliza, maana ng'ombe wa nyumbani anategemea nyasi zile zile.